Studio ya mablanketi: Somo nililolipata baada ya kupoteza sauti ya baba

Na Mwandishi Maalumu, Rumonge

MWEZI Aprili mwaka 2013 nilimkalisha baba yangu sebuleni, nikaweka simu ya mkononi juu ya meza, nikabonyeza kitufe cha kurekodi. Mzee alizungumza kwa dakika 40. Katika dakika hizo, zinazosikika vizuri hadi leo hazizidi sita.

Zilizobaki zilimezwa na mvua iliyokuwa ikipiga mabati, pikipiki za barabarani na mwangwi wa sebule isiyokuwa na pazia wala zulia. Miezi minne baadaye baba alifariki dunia.

Alichokuwa akikitaja siku ile ni majina ya ndugu zake waliouawa mwaka 1972, mwaka ambao wazee wetu wa Burundi huuita ikiza, pamoja na miti iliyokuwa alama ya mpaka wa shamba la babu. Nasikia "umuvumu ulio karibu na...", kisha mvua inachukua nafasi yake.

Ndugu msomaji, nimeamua kuandika makala haya kwa sababu najua nyumba nyingi zina mzee wa namna hiyo na simu ya namna hiyo. Kurekodi sauti nzuri nyumbani hakuhitaji fedha nyingi. Kunahitaji kuelewa mambo machache ambayo mimi niliyaelewa nikiwa nimechelewa.

Mtoto wa redio

Nilizaliwa Ulyankulu, mkoani Tabora, katika makazi ya Warundi waliokimbilia Tanzania mwaka 1972. Nilisoma huko kwa Kiswahili, na nje ya darasa mwalimu wangu mkubwa alikuwa redio ya jirani. Tulikaa kimya kuisikiliza Redio Tanzania Dar es Salaam kana kwamba mtangazaji alikuwa amekaa nasi kwenye mkeka.

Serikali za Tanzania na Burundi zilipokubaliana kuhusu hatima ya wakimbizi wa mwaka 1972, zaidi ya 160,000 walipewa uraia wa Tanzania na zaidi ya 50,000 wakachagua kurudi. Sisi tulikuwa miongoni mwa waliorudi. Mwaka 2009 tulifika Rumonge, zaidi ya kilomita 70 kusini mwa Bujumbura, kando ya Ziwa Tanganyika, mahali pa samaki na michikichi.

Nilipewa kazi ya kufundisha. Watoto walikicheka Kirundi changu cha Tabora, lakini somo la Kiswahili walilipenda. Vitabu vilikuwa vichache, kimoja kwa madawati matatu, nami nikakumbuka redio ya jirani. Nikawaza kwamba ningerekodi masomo na hadithi kwenye kadi za memori, wazazi wangezisikiliza na watoto wao kwa simu nyumbani.

Rekodi zangu za kwanza zilikuwa na kasoro zilezile za rekodi ya baba. Mzazi mmoja aliniambia: "Mwalimu, unasikika kama mtu aliyeingia ndani ya pipa." Hapo ndipo nilipoanza kujifunza kwa dhati.

Kelele na mwangwi ni vitu viwili

Kosa la watu wengi, nami nikiwemo, ni kudhani kwamba dawa ya kelele na dawa ya mwangwi ni moja. Kelele hutoka nje: mvua, jogoo, pikipiki, jirani anayetwanga. Mwangwi ni sauti yako mwenyewe inayogonga ukuta, saruji na dari, kisha inarudi kwenye maikrofoni ikiwa imechelewa kidogo.

Mwangwi hupunguzwa na vitu laini na vizito: magodoro, mablanketi, nguo nyingi, mapazia mazito. Kelele za nje huzuiwa na vitu vizito visivyo na upenyo: ukuta wa tofali, mlango wa mbao nzito, madirisha yaliyozibwa. Godoro halizuii pikipiki, kama vile ukuta mtupu wa saruji usivyozuia mwangwi.

Nilishauriwa pia kubandika trei za mayai ukutani. Nilikusanya trei 60, nikazigandisha kwa gundi. Chumba kikapendeza kwa picha, lakini sauti haikubadilika kiasi cha kuridhisha, kwa sababu karatasi ile ni nyepesi mno kumeza sauti ya mtu. Mke wangu alizirudisha kwa muuza mayai.

Kipimo cha kuchagua chumba ni rahisi. Simama katikati, piga kofi moja kali, usikilize. Ukisikia mlio unaotetemeka baada ya kofi, chumba hicho hakifai bado. Mimi nilizunguka nyumba nzima nikipiga makofi hadi watoto wakauliza kama baba yao ana malaria.

Chumba kilichoshinda kilikuwa stoo ndogo katikati ya nyumba, isiyo na dirisha, tunamoweka magunia ya maharage na nguo. Nilitundika mablanketi manne mazito kwenye kamba, yakiwa mbali na ukuta kwa upana wa kiganja, kwa kuwa nafasi hiyo husaidia blanketi kumeza sauti zaidi. Chini niliweka mkeka na juu yake blanketi la tano. Nyuma ya msemaji nilisimamisha godoro, kwa sababu maikrofoni husikia kilicho mbele yake, na nyuma ya msemaji ndiko inakotazama.

Mabati sikuyaweza. Mvua ikinyesha, hurekodi. Nilichagua kurekodi alfajiri, kabla pikipiki hazijaanza kazi, na mambo marefu niliyaweka miezi ya kiangazi, kuanzia Juni hadi Agosti.

Maikrofoni na simu

Maikrofoni ziko za aina nyingi, lakini kwa sauti ya mtu utakutana zaidi na aina mbili. Ya kwanza huitwa dainamiki. Hii ni ngumu, haihitaji umeme wake, na haisikii sana vitu vilivyo mbali. Ya pili huitwa kondensa. Hii husikia hata kiti kikilia, na nyingi huhitaji umeme wa volti 48 kutoka kwenye mashine inayounganishwa nayo, au hupata umeme kwa waya wa USB wa kompyuta.

Duka likikuambia kondensa ndiyo ya kitaalamu, uliza kwanza nyumba yako ikoje. Katika nyumba yenye kelele, dainamiki ya kawaida hutoa kazi safi zaidi. Yangu niliipata ikiwa imetumika, huko Buyenzi, Bujumbura. Bei siitaji kwa kuwa faranga haitulii, ila waya, stendi na maikrofoni kwa pamoja havikufika mshahara wangu wa mwezi mmoja.

Asiye na uwezo huo atumie simu. Simu ya leo, ikiwekwa karibu na mdomo ndani ya chumba chenye mablanketi, inashinda maikrofoni ya gharama ndani ya sebule tupu. Zima mtandao kwa kubonyeza alama ya ndege, isije ikaita au kuingiza milio ya mawimbi.

Umbali ni jambo kubwa kuliko kifaa. Weka maikrofoni shibiri moja kutoka mdomoni, yaani sentimita 15 hadi 20. Ukisogea nusu ya umbali, sauti yako huongezeka kwa takriban desibeli 6 ilhali kelele za chumba hubaki palepale.

Herufi P na B hupuliza upepo unaopiga maikrofoni kama kofi. Jaribu kusema "papai la baba" utaona. Dawa yake ni stokingi kuukuu iliyovutwa juu ya duara la waya wa kutundikia nguo, ikisimamishwa kati ya mdomo na maikrofoni. Pia usielekeze maikrofoni mdomoni moja kwa moja. Iweke pembeni kidogo.

Kuhusu kompyuta, natumia ya zamani pamoja na programu ya Audacity, ambayo ni ya bure na imekuwepo tangu mwaka 2000. Nikirekodi naichomoa kwenye umeme nitumie betri, kwani waya wa umeme mara nyingi huleta mngurumo. Hakikisha kilele cha sauti kinacheza kati ya desibeli hasi 12 na hasi 6. Sauti ndogo inaweza kuongezwa baadaye, lakini iliyopasuka kwa kuzidi haitengenezeki.

Kabla ya kuanza kuzungumza, rekodi sekunde 10 za ukimya. Programu huzitumia kuijua kelele ya chumba na kuipunguza. Lakini usiitegemee sana. Nilijaribu kusafisha rekodi ya baba kwa njia hiyo, na nilipoondoa mvua, baba naye aliondoka nayo. Kilichobaki ni sauti kama ya mtu aliye chini ya maji.

Shangazi aingia stoo

Mwezi Julai mwaka 2018 nilimleta shangazi, dada yake baba, kutoka Nyanza-Lac. Ndiye pekee aliyebaki wa tumbo lile. Alipoona stoo yangu alisimama mlangoni. "Mwanangu, unataka kunifungia na maharage?"

Nilimwachia mlango wazi kwa dakika kumi ili azoee. Nilimweleza kila kifaa, na nikamuuliza rekodi hiyo isikilizwe na nani. Alijibu kwamba majina ni ya ukoo mzima, lakini kuna sehemu moja niifunge, nisiwasikilizishe majirani akiwa hai. Nilikubali, na nimelishika neno lake. Katika nchi yetu, kumbukumbu ya mwaka 1972 ina watu pande zote, na sauti ikishatoka hairudi.

Alizungumza asubuhi tatu, kila asubuhi saa moja. Mzee akichoka sauti hushuka, kwa hiyo usimkamue. Weka maji ya uvuguvugu, wala usimkatize kwa "ehe" na "ndiyo" nyingi, maana nazo zinarekodiwa. Itikia kwa kichwa.

Alitaja majina saba. Matano niliyatambua kutoka dakika sita za baba. Mawili sikuwahi kuyasikia. Kuhusu mti wa mpaka, hakusema umuvumu. Alisema ni mchikichi. Sijui ni nani kati yao aliyekumbuka sawasawa, na dakika ambazo zingeamua zina mvua. Nimeandika kauli zote mbili kwenye daftari la ukoo.

Kuhifadhi

Rekodi ya asili iweke katika mfumo wa WAV, ambao haupunguzi kitu. Kwa sauti ya mtu mmoja katika njia moja, kipimo cha kawaida cha 44,100 kwa biti 16 hula megabaiti 5 hivi kwa dakika, yaani kama 300 kwa saa. Kadi ya gigabaiti 8 hubeba zaidi ya saa 20. Nakala za kuwagawia wanafunzi nazigeuza kuwa MP3 ndogo, takriban sehemu moja ya kumi ya uzito huo.

Weka nakala tatu, na moja isikae nyumba moja na nyingine. Yangu ya tatu iko kwa binamu yangu Kigoma. Kadi huibiwa, kompyuta huungua, nyumba hufurika.

Leo stoo ile ina kazi mbili. Siku za shule narekodi hadithi na imla, na nimeona wanafunzi walioanza kusoma kwa kusitasita wakifuata sauti kwa kidole kitabuni. Siku za likizo wazee wa mtaa huja mmoja mmoja. Wengine huleta blanketi lao.

Waswahili husema ngoja ngoja huumiza matumbo. Kama una mzee nyumbani, usisubiri maikrofoni. Tundika mablanketi leo jioni, weka simu shibiri moja kutoka mdomoni mwake, na kabla hujambonyezea kitufe, toka nje uangalie kama kuna mawingu.