Kupiga Gitaa si Kujifunza Gitaa

Yuko kijana apigaye gitaa kila jioni, na jirani zake humsifu. Lakini ukimrudia baada ya mwaka mmoja utamkuta akipiga nyimbo zile zile, na makosa yale yale. Si mvivu, kosa lake ni kwamba hupiga tu, wala hajifunzi.

Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyekuwa akikusanya nyimbo za Afrika, alimkuta Mwenda Jean Bosco katika mji wa Jadotville, Katanga, ambao leo huitwa Likasi. Wimbo wake "Masanga" ukatiwa katika santuri. Mwenda alizipiga nyuzi kwa vidole viwili, gumba na cha shahada, hata msikilizaji akadhani wapigaji ni wawili. Baadaye mtaalamu David Rycroft aliyaandika mapigo yake, sauti baada ya sauti, akayachapisha katika jarida la African Music mwaka 1961 na 1962. Hivyo hata mtaalamu alijifunza kwa kusikiliza kidogo kidogo.

Basi, asiye na mwalimu afanyeje? Kwanza azilinganishe nyuzi zake vizuri. Kisha achague kifungu kifupi cha wimbo mmoja, wala asiushike wimbo mzima. Akisikilize hata aweze kukiimba kwa kinywa kabla ya kugusa gitaa. Halafu apige sauti za gumba peke yake, polepole, mpaka ziende sawasawa kama hatua za mtu atembeaye. Ndipo aongeze kidole cha shahada. Akikosea asipite, bali arudi pale pale penye kosa. Nusu saa ya namna hii kila siku yafaa kuliko kutwa nzima ya Jumapili moja.

Tena ajisikilize. Siku hizi simu ya mkononi yaweza kuinasa sauti ya gitaa lake. Ni uchungu kuyasikia makosa yako mwenyewe, lakini sifa za jirani haziyaondoi.

Mwisho, akisha kukijua kifungu, akigeuze kwa namna yake. Mwenda naye hakuwa mtu wa kurudia tu. Alikuwa akibuni huku akipiga. Mwenye kuiga huanza vema, lakini akikomea hapo, watu watamsikia mwingine kila apigapo, wala hawatamsikia yeye. Bandu bandu huisha gogo.