Mihtasari Mirefu Isiyosomeka Katika Kompyuta



Vyama vinavyotunza mihtasari ya mikutano katika kanzidata ya SQL Server huweza kukutana na kosa hili: muhtasari ukiombwa, draiva ya ODBC hukataa na kuandika "Invalid Descriptor Index". Muhtasari haukupotea.

Draiva ni programu inayochukua habari kutoka kanzidata. Safu fupi, kama namba na tarehe, hutengewa nafasi mapema. Safu ndefu, kama ya varchar(max), husomwa kipande kwa kipande, na sharti ije baada ya zile fupi. Ikitangulia, draiva huikataa.

Kwa hiyo katika amri msitumie alama ya nyota. Tajeni safu kwa majina, ndefu ikiwa ya mwisho:

SELECT namba, tarehe, muhtasari FROM mikutano

Wapo wanaoigeuza safu hiyo kwa CAST kuwa varchar(8000). Kosa hutoweka, lakini maandishi yaliyozidi baiti 8000 hukatwa pasipo onyo. Maazimio huweza kuwa mwishoni mwa muhtasari; mwanachama asomewe yote aliyoyapitisha.