Kusomea mazingira nje ya nchi: hesabu ya mfanyabiashara wa Tarime na Mugumu

MFANYABIASHARA wa Sirari au Mugumu anayepanga kuuza ng'ombe ili mtoto wake akasomee mazingira Ulaya anashauriwa kupiga hesabu upya kabla ya kwenda mnadani. Nafasi za masomo zipo na kazi zipo, lakini mlango wake hauanzii London wala Berlin. Unaanzia Nyamongo, Nata na Seronera, na wazazi wengi huulipia bei kubwa kuliko inavyotakiwa.

Kwanza soko lenyewe. Ajira za mazingira ni zao la sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka kila halmashauri iwe na ofisa wa mazingira. Inataka pia miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya kuanza, na ikaguliwe ikishaanza, iwe ni mgodi, hoteli ya kitalii au kituo cha mafuta. Tathmini hiyo haifanywi na mtu yeyote tu, bali mtaalamu aliyesajiliwa na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC). Kwa lugha ya sokoni, serikali imetengeneza mahitaji ambayo mwenye mradi hawezi kuyakwepa.

Kwa Tarime, mnunuzi mkubwa wa utaalamu huo ni mgodi wa dhahabu wa North Mara, ulioanza uzalishaji wa kibiashara mwaka 2002. Barrick ina asilimia 84 ya umiliki na serikali asilimia 16. Historia ya mgodi huo inaonyesha kwa nini mpima maji si mtu wa pembeni. Mei 2009 maji machafu yalivuja hadi Mto Tigithe na kuzua malalamiko ambayo hayajasahaulika vijijini. Mei 2019 NEMC iliutoza mgodi faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa uvujaji kutoka bwawa la topesumu, na Julai mwaka huohuo ikaamuru bwawa lisitumike mpaka lirekebishwe. Mwenye hisa anayeona mishahara ya kitengo cha mazingira kuwa gharama isiyozalisha, aweke kiasi hicho upande wa pili wa daftari.

Kazi hiyo, zaidi ya hayo, haimaliziki dhahabu inapokwisha. Uzalishaji katika mgodi wa Buzwagi, Kahama, ulikoma mwaka 2021, lakini ardhi ilibaki na sharti la kurejeshwa katika hali salama, na maji yake kuendelea kupimwa. North Mara nao utafika huko siku moja. Kijana anayeingia kidato cha tano leo huenda akafanya sehemu kubwa ya kazi yake katika kufunga migodi kuliko kuifungua.

Upande wa Serengeti bidhaa ni nyingine. Hifadhi ya Taifa ilianzishwa mwaka 1951 na kuingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981. Seronera pana kituo cha utafiti cha Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania (TAWIRI). Utafiti wa simba wa hifadhi hiyo umekuwapo tangu mwaka 1966. Kati ya mwaka 2015 na 2019 mradi wa AfricanBioServices, uliogharamiwa na Umoja wa Ulaya na kuongozwa na chuo kikuu cha NTNU cha Norway, ulichunguza ikolojia ya Serengeti na Mara pamoja na maisha ya wananchi wanaoizunguka.

Hapa kuna jambo ambalo wazazi wengi hawalijui. Mtafiti wa kigeni haruhusiwi kufungua begi lake na kuanza kazi. Anahitaji kibali cha Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), na sharti mojawapo ni kuwa na mshirika Mtanzania. Anahitaji pia wasaidizi wanaojua njia, lugha na majina ya mimea. Ndiyo kusema mwanafunzi wa Ulaya hulipa nauli, viza na ada za hifadhi ili aje kuona kitu ambacho kijana wa Robanda hukiona akienda shule, na huyo wa Robanda anatafuta wakala wa kumpeleka Ulaya.

Isieleweke kwamba nafasi ni tele. Tarime ina halmashauri mbili, ya wilaya na ya mji, na Serengeti ina moja. Kwa hiyo dawati la ofisa wa mazingira ni la watu wachache, na maombi hupitia Sekretarieti ya Ajira pamoja na wahitimu wa nchi nzima. Mashirika yanayotegemea wahisani nayo hayana uhakika. Marekani ilipolifunga shirika lake la misaada la USAID mwaka 2025, miradi mingi ya uhifadhi nchini ilipoteza fedha na watumishi wake wakarudi sokoni. Ajira zenye msingi imara zaidi ni zile zinazolipwa na sheria au na mapato ya biashara yenyewe: mgodi, hoteli, kampuni za ushauri zilizosajiliwa, Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria.

Maji ndiyo eneo ambalo huenda likapanda thamani. Mto Mara huanzia msitu wa Mau nchini Kenya, hupita Serengeti na Tarime na kuingia Ziwa Victoria. Machi 2022 maji yake katika sehemu ya chini yaligeuka meusi na samaki wakafa. Kamati ya serikali ilitaja kinyesi na mkojo wa mifugo kuwa miongoni mwa sababu, na wananchi wengi hawakuridhika. Ubishi wa aina hiyo humalizwa na vipimo vya mwezi hadi mwezi vilivyochukuliwa kabla ya tukio, na vipimo vinahitaji watu.

Sasa gharama. Vyuo vikuu vingi vya serikali nchini Ujerumani havitozi ada ya masomo, na mawakala hulitangaza hilo kwa sauti kubwa. Wanalotaja kwa sauti ndogo ni kwamba, tangu Septemba 2024, mwombaji wa viza asiye na mfadhili hutakiwa kuonyesha euro 11,904 kwa mwaka katika akaunti maalumu. Hizo ni karibu shilingi milioni 30 au zaidi, kutegemea kiwango cha ubadilishaji. Kwa Uingereza, anayejilipia huonyesha zaidi ya pauni 1,000 kwa mwezi kwa miezi 9, fedha zikiwa zimekaa benki siku 28 mfululizo, na ada ya chuo iko juu ya hapo. Msomaji agawanye mwenyewe kwa bei ya ng'ombe katika mnada wa mwisho.

Njia ya pili ni ndefu lakini mtaji wake ni mdogo. Shahada ya kwanza husomwa nchini: Sokoine Morogoro, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Ardhi, Dodoma, au Mweka kwa upande wa wanyamapori. Mwenye sifa huomba Bodi ya Mikopo. Baada ya hapo hutafutwa ufadhili wa shahada ya pili. Erasmus Mundus ya Umoja wa Ulaya hulipa ada na posho ya euro 1,400 kwa mwezi hadi miezi 24, yaani euro 33,600, na mwanafunzi husoma katika nchi zaidi ya moja. Chevening ya Uingereza hulipia mwaka mmoja, nauli ikiwamo.

Chevening, hata hivyo, hudai miaka miwili ya uzoefu wa kazi, yaani saa 2,800, na mhitimu huahidi kurudi nyumbani kwa miaka miwili. Erasmus Mundus huangalia sana barua za wanaomfahamu mwombaji kikazi. Hapo ndipo wengi wa Mara hukwama: wana shahada nzuri na hawana mtu wa kuandika barua. Mwezi wa fildi huupitisha katika ofisi ya ndugu wakichapa barua, kwa kuwa ofisi hiyo iko karibu na chakula.

Saa hizo 2,800 zinaweza kukusanywa nyumbani. Chevening huhesabu kazi za kulipwa, za muda, utarajali na hata kujitolea. TaESA huunganisha wahitimu na nafasi za utarajali. Wilayani Serengeti, Grumeti Fund, inayofanya kazi katika mapori ya Ikorongo na Grumeti, hutoa ufadhili na mafunzo ya mazingira kwa wanafunzi wa vijiji jirani. Jumuiya ya uhifadhi ya Ikona ina vijiji vitano na vitabu vya hesabu na doria vinavyohitaji mtu wa kuviweka sawa. Posho mara nyingi ni ndogo au hakuna kabisa. Mzazi anayetaka kuwekeza angelipa chumba, chakula na nauli ya mtarajali huyo kwa mwaka mzima, na bado akabaki na sehemu kubwa ya zizi lake.

Wasio na mtoto wa kusomesha nao wana pa kuingilia: vyumba safi vya watafiti Mugumu, ukodishaji wa pikipiki, vitalu vya miche ya miti ya asili, uzoaji wa taka za hoteli. Mikataba ya kazi hizi hutaka stakabadhi za kodi na leseni, na wengi hukosa zabuni kwa hilo tu.

Kwa kawaida dirisha la Chevening hufunguliwa Agosti na kufungwa mapema Oktoba. Kozi nyingi za Erasmus Mundus hupokea maombi kati ya Oktoba na Januari. Barua za kuomba fildi zinazofika ofisini baada ya vyuo kufungwa hukuta nafasi zimekwisha.