TAKA ZA VIWANDA VYA METALI NA HATARI YAKE KWA MAJI NA UDONGO

Viwanda vya kuyeyusha metali hutupatia ajira na vifaa tunavyovihitaji. Hata hivyo, taka zake zisipotunzwa ipasavyo huweza kuharibu mashamba kwa vizazi kadhaa. Makala haya yanakusudia kuwaeleza makatibu na wanachama wa vyama vya msingi jinsi madhara hayo yanavyotokea, na hatua ambazo chama chaweza kuzichukua mapema.

Jinsi sumu inavyosafiri

Taka hutoka kiwandani kwa njia tatu: maji machafu yamwagwayo mtoni, moshi na vumbi viangukavyo juu ya ardhi, na makapi yaliyorundikwa, ambayo mvua hupenya ndani yake na kuichukua sumu. Humo mna metali kama risasi, zinki na kadimiamu. Metali haiozi kama samadi. Ikishaingia shambani hushikamana na udongo na kubaki humo miaka mingi. Udongo ukiwa mchachu, kadimiamu huyeyuka kwa urahisi, ikafyonzwa na mizizi hadi kufika katika punje. Kwa hiyo mmea waweza kuonekana mzima ilhali mavuno yake yana sumu. Ikumbukwe pia kwamba kuchemsha maji huua vijidudu, lakini hakuondoi metali.

Funzo la mto Jinzu

Katika mkoa wa Toyama, nchini Japani, wakulima wa mpunga walimwagilia mashamba yao kwa maji ya mto Jinzu. Upande wa juu wa mto huo palikuwa na mgodi na kiwanda cha zinki na risasi cha Kamioka, mali ya kampuni ya Mitsui. Kadimiamu ilishuka na maji, ikaingia mashambani, kisha katika mchele. Watu, hasa wanawake wa makamo na wazee, waliharibika figo, na mifupa yao ikawa laini hata kuvunjika kwa kikohozi tu. Ugonjwa huo uliitwa itai-itai, maana yake "inauma, inauma".

Mwaka 1968 serikali ilikiri kwamba chanzo chake kilikuwa kadimiamu ya mgodi huo. Wakazi waliungana wakafungua mashtaka, wakashinda mwaka 1971, na tena katika rufaa mwezi Agosti 1972. Ushindi wao haukuishia katika fidia. Walitiliana mkataba na kampuni uliowapa haki ya kuukagua mgodi pamoja na wataalamu wao, kwa gharama ya kampuni. Kazi ya kurudisha udongo safi katika hekta zipatazo 860 ilianza mwaka 1979 na kumalizika mwaka 2012. Uharibifu wa ardhi ulidai miaka 33 ya matengenezo.

Jirani zetu wa Mombasa

Katika kitongoji cha Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda kilichoyeyusha risasi ya betri kuukuu kilianza kazi mwaka 2007 na kufungwa mwaka 2014. Risasi ilipatikana katika udongo na katika damu ya watoto. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3. Hukumu hiyo ilitenguliwa katika rufaa mwaka 2023, kisha Mahakama ya Juu Kabisa ikairejesha mwezi Desemba 2024.

Wajibu wa chama

Chama chenye mashamba karibu na kiwanda cha aina hii hakina budi kufanya yafuatayo:

1. Katibu afungue daftari la kuandika tarehe, mahali, rangi ya maji, na vifo vya samaki au mifugo.

2. Maji na udongo vichukuliwe juu na chini ya mahali taka zinapoingilia mtoni, ili tofauti ionekane, kisha vipelekwe kupimwa na maabara ya serikali. Macho hayatoshi, kwani maji maangavu nayo huweza kuwa na sumu.

3. Tope la mifereji iliyo karibu na kiwanda lisitandazwe shambani kabla ya kupimwa.

4. Malalamiko yaandikwe kwa jina la chama, nakala zihifadhiwe, na kamati iombe nafasi ya kukagua kiwanda.

Mkulima mmoja akilalamika hupuuzwa kwa wepesi. Chama chenye kumbukumbu zilizoandikwa vizuri husikilizwa. Ardhi ndiyo mtaji wetu wa kwanza, na kuilinda ni kazi ya ushirika kama ilivyo kuuza mazao.