Kabla ya Kuhamia Omani: Tuliyoyaona kwa Macho Yetu



Wengi katika jamaa zetu wa pwani wana nia ya kuhamia Omani, na kila mwenye nia hiyo hutaka khabari za hakika. Sisi nasi tumo katika hao. Binti yetu ameolewa Maskati, na ametutaka sisi wazazi wake tukaishi karibu naye. Basi tulikwenda, sisi na ahli yetu, tukakaa mwezi mzima wa Julai. Mwezi huo tuliuchagua kwa makusudi, kwani nchi hupimwa kwa ukali wake, si kwa upole wake.

Joto la Maskati wakati huo hupita digrii 40. Mchana watu hujifungia majumbani penye mashine za kupoza hewa, na njia huwa tupu. Katika mitaa mipya hatukuona baraza kama zetu, ambapo mtu hukaa akamsalimu kila apitaye. Kila nyumba ina ukuta wake na lango lake, na hata dukani huendewa kwa motokaa.

Lakini soko la Matrah lilitufariji. Mzee mmoja mwenye duka la haluwa alitusikia tukishauriana bei, akatujibu kwa Kiswahili cha mjini Unguja. Hilo si ajabu kwa ajuaye tarikhi. Sayyid Said bin Sultan, aliyefariki mwaka 1856, ndiye aliyeuhamishia Unguja ufalme wake. Mapinduzi ya mwaka 1964 yaliwatawanya wengi; na Sultani Qaboos aliposhika utawala mwaka 1970, aliwaita Waomani walioko nje warejee kuijenga nchi. Ndiyo sababu Kiswahili chasikika Maskati hata leo. Walakin wajukuu wa wazee hao tuliowakuta hukifahamu Kiswahili na hujibu kwa Kiarabu. Na mjukuu wetu wa miaka minne naye ameanza hivyo hivyo. Sisi tuliosomesha chuoni miaka mingi tuliona kuwa Kiarabu cha kitabuni chatosha msikitini, ama sokoni chataka mazoezi.

Katika sala moyo wetu ulitulia. Omani Maibadhi ni wengi, na Masunni wapo. Tulisimama safu moja, mwenye kufunga mikono na mwenye kuiachia, wala hatukuona amtazamaye mwenziwe kwa jicho baya.

Tulifika pia Nizwa, tukauona mfereji uitwao Falaj Daris, mmoja katika mifereji mitano ya nchi hiyo iliyotiwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2006. Maji hutoka chini ya ardhi, yakateremka yenyewe pasi na mashine. Watu huyateka ya kunywa kwanza, kisha hunywesha mitende. Kila mwenye shamba ana zamu yake, na zamani zamu hizo zikipimwa kwa kivuli cha jua mchana na kwa nyota usiku. Apitaye njia hunywa akashiba, lakini zamu ni ya mwenye haki.

Na mambo ya kuhama ni hivyo hivyo. Hati ya ziara hairuhusu kufanya kazi. Atakaye kukaa aghalabu yampasa awe na mdhamini, mwajiri au jamaa. Na kazi nyingi serikali imewawekea raia wake. Kusema tu kuwa babu alitoka Omani hakumpi mtu uraia, huulizwa hati.

Siku moja ahli yetu alimwuliza binti yetu, "Mwanangu, nikiishiwa na chumvi usiku, nibishe mlango wa nani?" Binti akajibu, "Mama, hapa hupigiana simu kwanza." Alikuwapo bibi mmoja aliyehama Unguja katika miaka ya 1970. Akamwambia, "Ndugu yangu, mwaka wa kwanza nililia. Nilipozijua nyumba tatu, nikanyamaza."

Basi enyi wenye nia, Mtume (S.A.W.) ametufunza kuwa ugeni ni siku tatu. Msiihukumu nchi kwa siku hizo tatu, ambazo kila mtu huwakirimu. Nendeni wakati wa joto; ulizeni khabari za hati kabla ya khabari za mshahara; na khasa waulizeni wanawake, maana wao ndio watakaobaki nyumbani mchana kutwa.

Sisi tumeafikiana kutouza nyumba yetu. Tutarejea tena kwa muda mrefu zaidi, kwa kadiri hati itakavyoruhusu, ili ahli yetu naye apate kuzijua nyumba zake tatu. Akizipata, tutafunga mizigo; asipozipata, binti yetu atatuwia radhi, na sisi tutakuwa wageni wake wa kila mwaka. Mwenyezi Mungu atuchagulie lenye kheri. Amin.