Makosa Yanayobaki Baada ya Chapisho Kufutwa

Urudufishaji wa hifadhidata ni utaratibu wa kunakili mabadiliko ya seva moja hadi seva nyingine kadiri yanavyotokea. Katika PostgreSQL, mfumo uliotokana na mradi ulioanza mwaka 1986 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aina moja ya utaratibu huu, iliyoingizwa katika toleo la 10 la mwaka 2017, ina pande mbili: seva itoayo data huwa na chapisho, yaani orodha ya majedwali ambayo mabadiliko yake yatatolewa, na seva ipokeayo huwa na usajili, yaani maelezo ya mahali pa kuchukua data na chapisho linalohusika.

Msimamizi anapofuta chapisho kwa amri ya DROP PUBLICATION, ni rahisi kudhani kwamba uhusiano umekwisha, ilhali amri hiyo haiugusi usajili ulio upande wa pili. Katika matoleo yaliyotangulia la 18, usajili huendelea kuomba data, hujibiwa kwamba chapisho halipo, kisha, kwa mipangilio ya kawaida, hujaribu tena baada ya sekunde 5, hata faili la kumbukumbu za makosa likajaa mistari ileile usiku na mchana.

Mistari hiyo inaudhi, lakini hatari kubwa zaidi imo ndani ya sloti, yaani alama inayowekwa na seva itoayo ili kujua mpokeaji amefikia wapi. Maadamu sloti ipo, seva haifuti faili za kumbukumbu za miamala ambazo mpokeaji bado anazihitaji, nazo kwa kawaida huwa na MB 16 kila moja. Penye shughuli nyingi diski hujaa na seva ikasimama. Toleo la 13 lilileta mpangilio wa max_slot_wal_keep_size ili kuweka kikomo, lakini thamani yake ya awali ni -1, maana yake hakuna kikomo.

Kwa hiyo usafishaji uanzie kwa mpokeaji, kwa amri ya DROP SUBSCRIPTION, ambayo huondoa na sloti pia iwapo seva mbili zinawasiliana. Mawasiliano yakiwa yamekatika, usajili husimamishwa kwanza, hutenganishwa na sloti yake kwa kuipa slot_name thamani ya NONE, ndipo hufutwa. Hapo makosa hutoweka kwa kuwa hakuna anayeomba tena, na utulivu huo hupotosha, kwani sloti iliyoachwa ingali inazuia faili kufutwa. Ni lazima kurudi kwenye seva itoayo, kukagua orodha ya pg_replication_slots, na kuiondoa sloti hiyo kwa pg_drop_replication_slot.

Hata hivyo, si kila sloti isiyotumika imeachwa. Msimamizi alinganishe kwanza jina lake na la usajili, ambayo kwa kawaida hufanana, kwa sababu akifuta sloti ya mpokeaji aliyezimwa kwa muda tu, huenda data yote ikalazimika kunakiliwa upya tangu mwanzo.