Sura ya 4: Udongo Peke Yake Haufundishi Herufi

Ukuta wa darasa la materneli hapa Likasi, iwe Kikula au Panda, mara nyingi umepambwa vizuri. Kuna A ya maganda ya mayai, B ya pamba, C ya vifuniko vya chupa. Mtoto wa miaka mitano akiitwa mbele anaimba alfabeti ya Kifaransa kutoka mwanzo hadi mwisho, na mama yake anapiga makofi. Sasa andika m ndogo ubaoni, umwulize inasemaje. Atarudi kwenye A na kuimba kimoyomoyo mpaka aifikie, kwa sababu m anaijua ndani ya wimbo tu. Wimbo ukikatwa, herufi imepotea.

Wazazi huniambia kwamba huo ni mwanzo, mengine yatakuja yenyewe. Hayaji yenyewe. Mwaka 1979 José Morais na wenzake walichapisha utafiti waliofanya Ureno kwa watu wazima ambao hawakuwahi kwenda shule. Waliombwa waondoe sauti ya kwanza ya neno, au waongeze sauti moja mbele yake. Wengi walishindwa, ingawa walikuwa wameongea lugha yao tangu utotoni bila shida. Wenzao wa maeneo yale yale, waliojifunza kusoma ukubwani, waliweza. Kusikia kwamba «mama» ina vipande vinne ni ujuzi wa kufundishwa, na umri peke yake hauuleti. Mtoto asiyesikia m ndani ya «mama» hana mahali pa kuiweka ile m ya ukutani.

Picha zinazochorwa kando ya herufi ukutani zinazidisha fujo. W inachorewa «wagon», ambayo Wafaransa hutamka kwa v. H inachorewa «hélicoptère», na h yake haisikiki kabisa. S ina picha ya «serpent», lakini mtoto wa Kikula akiiona anasema «nyoka», basi anaondoka akiamini kwamba lile umbo ni n. Na zikitafsiriwa ovyo mambo hayatengemai: n ya «nyoka» si n ya «nanasi», na m ya «mbuzi» imeng'ang'aniana na b. Kwa m tumieni «mama», «maji», «makala». Kwa s iko «sombe», ambayo mtoto aliila jana.

Tena ziko irabu. Tano zetu hazibadiliki, lakini u ya Kifaransa ni sauti nyingine kabisa, na mtoto aliyeanza na hiyo hukwama kwenye «kuku» huku akijiona mjinga. Sheria ya elimu ya Februari 2014 inazikubali lugha za taifa darasani, Kiswahili kikiwemo. Mzazi anayelipa ada ili mwanawe wa miaka minne aanze na Kifaransa tupu hamnunulii kasi. Mtoto aliyekwisha kuona kwamba herufi ni sauti atavuka kwenda Kifaransa na siri hiyo mkononi.

Nilipanga sura hii ipite sikio, kidole na kalamu, kwa utaratibu huo. Sikio nimelieleza. Kidole kinanilazimisha nizungumze kwanza juu ya lukasa.

Lukasa ni ubao wa Waluba, watu wa kaskazini mwetu, ambao wajukuu wao wamejaa Kikula. Unatosha kukaa kiganjani, kiuno chake kimebanwa katikati, na uso wake umepigiliwa shanga, kauri na vijiti. Mwenye elimu yake, mtu wa chama cha Mbudye, aliushika kwa mkono wa kushoto, akapitisha kidole cha mkono wa kulia juu ya shanga huku akisimulia wafalme, safari na mashujaa. Ushanga mkubwa uliozungukwa na midogo unaweza kuwa chifu na watu wake. Mstari wa shanga unaweza kuwa njia. Siku hizi wako wanaotangaza kwamba lukasa ilikuwa alfabeti ya Kiafrika, wengine wanasema kompyuta. Inanikera, maana sifa ya uongo inaifunika sifa ya kweli. Hakuna sauti ya lugha iliyofungwa ndani ya ushanga wowote, na wasomaji wawili wangeweza kusimulia tofauti kwenye ubao mmoja. Lakini angalia kazi inavyokwenda: kidole kinagusa, kinywa kinasema, wakati ule ule, na aliyefundishwa ndiye anayesoma. Mpe ubao huohuo mtu asiyefundishwa, atapapasa shanga mpaka jioni bila kusikia jina la mfalme hata mmoja. Hiyo ndiyo habari yote ya sanaa na herufi.

Basi udongo. Katanga tumebarikiwa vichuguu vikubwa, na udongo ule tunaofyatulia tofali ukichekechwa na kukandwa unashika vizuri sana. Mtoto anaviringisha kamba ya udongo, urefu wa kiganja chake. Kwa m, anaanza pale kalamu itakapoanzia siku moja: mguu wa kushoto, juu. Anashuka, anarudi juu, anakunja kilima cha kwanza, kisha cha pili. Halafu anapitisha kidole njia hiyohiyo akisema mmm, sauti ikianza na kidole na kukoma na kidole. Asiseme «em». Asiseme «mu». Mwalimu aketi mahali anapokiona kidole, kwa sababu umbo likikamilika huwezi kujua lilianzia wapi, na mtoto aliyeizoea njia ya kinyume atateseka na kalamu baadaye. Sauti zinazovutika, kama m, l, a, i na u, zitangulie. K haivutiki, ukiilazimisha inageuka «kə», sauti isiyo yetu. Hiyo ifundishwe ikiwa imeshikamana na irabu: ka, ki, ku.

Je, mwalimu akikata herufi mwenyewe na mtoto akabandika pamba? Hapo mtoto amejifunza gundi. Mkono wake mwenyewe ndio unaopaswa kuiunda herufi, na hapa ndipo kalamu inapoingia. Mwaka 2012 Karin James na Laura Engelhardt wa Indiana, Marekani, walichapisha utafiti kuhusu watoto wa miaka mitano wasiojua kusoma bado. Baadhi ya herufi waliziandika wenyewe, nyingine walifuatisha nukta, nyingine walizibonyeza kwenye kibodi. Walipoonyeshwa herufi hizo wakiwa ndani ya mashine ya kupiga picha ubongo, sehemu zinazotumika kusoma ziliamka kwa zile walizoziandika wenyewe, wala nukta hazikufanya kazi hiyo. Watafiti wanaona faida iko katika ule ubaya wenyewe: kila a ya mtoto imepinda kivyake, naye anajifunza ni kitu gani kinachobaki hata ikipinda. Kwa hiyo, maman mwalimu, usiinyooshe a yake kabla wazazi hawajafika.

Na akiigeuza? Nimeulizwa mlangoni mwa darasa: «Mwalimu, balimuloga huyu mutoto?» Hapana. Kikombe kikielekea kushoto au kulia ni kikombe, na macho ya binadamu yamejengwa kulijua hilo. Herufi ndizo vitu vya kwanza ambavyo mtoto anaambiwa kwamba mwelekeo unabadilisha jina: b na d, p na q. Kuandika kinyume katika miaka minne, mitano, hata sita, ni kawaida katika kila nchi wanakoandika. Anayempeleka mtoto huyo kuombewa atolewe pepo anamdhulumu, na anayemwita mchawi anavunja ibara ya 41 ya Katiba ya 2006 na sheria ya ulinzi wa mtoto ya Januari 2009. Mrudishie udongo, anza naye tena juu kushoto.

Jambo moja la mji wetu. Msipambe herufi kwa mawe ya kijani, wala kwa mchanga wa karibu na viwanda. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 juu ya wakazi wa kusini mwa Katanga walio karibu na migodi na viwanda vya madini ulikuta kobalti nyingi mno katika mkojo wao, na watoto waliwazidi watu wazima. Mtoto wa miaka minne hutia vidole mdomoni. Chukueni udongo mbali na hapo, na mikono ioshwe kabla ya chakula.

Tusianze na A B C D. Tuanze na a, m, i, l, u, kisha k, kwa herufi ndogo, maana ndizo zinazojaza kurasa. Usiongeze mpya kabla ya iliyotangulia kutambulika nje ya mfuatano. Kwa hizo sita mtoto anajenga kwa udongo wake na kusoma mama, lala, kula, kaka, kuku, na Kikula yenyewe, ambayo K yake kubwa haitampa taabu kwa kuwa inafanana na ndogo. Zifuate e na o, halafu s, t, n na b. Ny, ch na sh zingoje darasa la kwanza.